Mwonjaji wa Futari

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba moja ya Kitisuru, Nairobi, nilipima mchele mara tatu kabla ya kuuosha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Upishi nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwenye magazeti ya zamani niliyonunua kwa wauza vitabu wa River Road. Cheti sikuwa nacho, kwa hiyo niliogopa kukosea kila kitu. Madam alisimama mlangoni akanitazama.

"Mueni, hii si maabara," akasema. "Watoto wana njaa."

Nawaandikia ninyi mnaoanza kupika katika nyumba za watu. Rafiki zangu hucheka nikisema nimestaafu, maana sina hata mvi, lakini mgongo ndio ulioamua.

Mwaka wa pili, mume wa Madam, ambaye sote tulimwita Injinia, alipata kazi ya mabomba ya maji Maskati, Omani. Nilichukuliwa pamoja na familia, ila kwa majaribio. Baada ya Ramadhani Injinia angeamua kama kibali changu cha kazi kitaendelea au nitarudi Nairobi. Nilitaka kubaki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mpishi, si msichana wa kazi.

Maisha ya kule yalikuwa ya kawaida kuliko nilivyotarajia. Mapumziko ya wiki wakati ule yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo watoto walienda shule Jumamosi, nasi tukaenda kanisani Ijumaa, jambo ambalo Madam hakulizoea mpaka mwisho. Jirani yetu, Bi Salma, alizaliwa Unguja. Kiswahili changu cha Nairobi alikiita Kiswahili cha mtu anayekimbilia basi, lakini yeye ndiye aliyenifundisha bokoboko, ngano inayopikwa na nyama kwa saa nyingi kisha ikapondwa mpaka ivutike.

Ramadhani ilipofika, Injinia aliwaalika mkuu wake wa kazi na familia ya Bi Salma waje kufuturu kwetu. Mimi nikajiwekea sheria: nisionje chakula mchana, hata tone. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliogopa tu kwamba chakula kikipitia mdomoni mwangu kabla ya jua kutua, nitakuwa nimeharibu mfungo wa watu. Basi siku ya wageni, chumvi ya bokoboko nikaipima kwa kijiko, asubuhi, maji yakiwa yamejaa sufuria.

Alasiri ile Bi Salma akaja kwa mlango wa jikoni na kibakuli cha mchuzi.

"Hebu nionjee chumvi, mwanangu. Wewe hukufunga."

Nikamwambia hata mimi sionji. Akanitazama kama aliyeona paka akivaa viatu.

"Na nani kakukataza?"

"Hakuna. Naheshimu tu."

"Ewe! Sisi wenyewe tukilazimika twagusisha ncha ya ulimi tukatema. Wewe Mkristo wataka kutupita? Onja, bibi."

Nikaonja. Mchuzi wake ulikuwa sawa. Akaelekeza kidole kwenye sufuria yangu, nikachota kijiko, nikaonja. Maji yalikuwa yamekauka kwa saa zile zote, chumvi ikabaki. Bokoboko lilikuwa chungu kwa chumvi. Jua lilikuwa limebakiza kama saa moja, na kuanza upya hakukuwezekana.

Nilimwomba asimwambie Madam. Alitoka, akarudi na sufuria yake mwenyewe ya bokoboko la kupeleka msikitini, ambalo alikuwa hajalitia chumvi, kwa sababu bokoboko hutiwa chumvi mwisho. Tukachanganya sufuria mbili kwenye beseni, tukaponda pamoja, tukagawa nusu kwa nusu, yake ya msikitini na yangu ya wageni. Safari hii nilionja mara nne.

Mkuu wa Injinia aliomba kuongezwa. Mume wa Bi Salma akasema bokoboko hili ni kama la mke wake kabisa, na Bi Salma akainamia sahani yake.

Asubuhi iliyofuata nilimweleza Madam yote, kwa sababu sikuweza kulibeba. Alikuwa anasuka nywele za binti yake, na hakuacha.

"Najua. Salma aliniambia jana kabla hata hatujakaa mezani. Injinia naye anajua." Akavuta msuko. "Amesema mpishi akija kujishtaki mwenyewe, tusimwachilie."

Nilikaa Maskati miaka minne. Kuanzia siku ile, kila alasiri ya Ramadhani, wanawake wa nyumba za jirani walikuja na vibakuli vyao, nami nikawaonjea: huyu ongeza, huyu maji kidogo, huyu acha hivyo hivyo. Mimi niliyekuwa siamini hata kipimo changu, nyumba saba zilifuturu kwa neno langu. Sijawahi kupewa cheti, na tangu hapo sikukihitaji.

Leo nafundisha wasichana wawili upishi karibu na Kenyatta Market, Nairobi. Ramadhani ikianza, Bi Salma hunipigia simu alasiri, sauti imezeeka.

"Mueni, chumvi nimetia vijiko viwili. Watu kumi. Wasemaje?"

Namwambia aonje kwa ncha ya ulimi, ateme. Anasema anajua hayo. Anataka niseme mimi.