Gasketi ya Pili

Luhaga wa Busisi hakuwa mtu wa kuzoeleka. Ukimpa shikamoo, alikuitikia kana kwamba umemkanyaga. Lakini unga alisaga, hilo hatumnyimi. Mashine yake ilikuwa ya dizeli, injini ya kizamani yenye silinda moja, ya kuwasha kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Umeme ulipokatika na mashine za wenzake kulala, wanawake walijipanga kwake na madebe ya mahindi na muhogo, wakimeza matusi yake kimyakimya. Wangekwenda wapi?

Mwaka huu ile hendeli ilimrudi. Injini ilipiga kinyume, chuma kikamchapa, bega likatoka, akalazwa. Aliporuhusiwa alikuta mkewe, Paskazia, ameshamwita fundi Nestory kutoka Nyakato, na injini imefunguliwa, imesafishwa na kufungwa upya. Luhaga akashika hendeli kuijaribu. Ikazunguka laini, injini ikawaka mara moja.

"Mnaona?" akawaambia wateja. "Daktari kasema bega hili basi tena. Yeye mwenyewe hana bega."

Kuanzia hapo hakushikika. Kila asubuhi alivua shati ndipo awashe, ili watu waone. Tatizo ni kwamba mkono ulikuwa na nguvu ila injini imelegea. Ukimimina mahindi kwa kasi ya zamani ilikohoa moshi mweupe, ikazubaa, kinu kikataka kusimama. Unga ukawa unatoka chengachenga. Wateja wakaanza kununa, wengine wakaona heri kusubiri umeme urudi. Na Luhaga, ambaye hajawahi kukosa wa kumlaumu, akamtangaza Nestory mwizi: kachomoa pistoni nzima, kaweka kuukuu, kamwibia nguvu za farasi mchana kweupe. Alilisema hilo kwa kila aliyekuja, hadi likafika Nyakato.

Nestory akaja na spana zake. Shikamoo hakutoa, na kwa kijana mbele ya mzee hilo ni tusi tosha.

"Tufungue mbele ya watu," alisema. "Ukiona nimeiba, nifungwe."

"Utafungwa tu," Luhaga akamjibu.

Hedi ikang'olewa, ule mfuniko mzito unaoziba silinda kwa juu. Pistoni ilikuwa ileile, na mkwaruzo wake ambao Luhaga aliujua vizuri. Ila chini ya hedi, badala ya gasketi moja, ile shiti nyembamba ya kuziba hewa isivuje, zilikuwemo mbili, zimelaliana.

"Mbili za nini, mpumbavu wewe?"

"Za kuinua hedi," Nestory akasema. "Pistoni ikipanda, hewa inabaki na nafasi, haibanwi sawasawa. Isipobanwa sawasawa haipati moto wa kutosha, dizeli haiungui vizuri, nguvu inashuka. Najua, mzee, nimeishusha mwenyewe. Lakini hewa ambayo haijabanwa sana haigombani na hendeli. Injini ya namna hii hata mtoto anaiwasha."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Luhaga alielewa kila neno, na shingo ikamvimba.

"Nani alikutuma?"

"Mimi," Paskazia akasema kutoka mlangoni. "Ulikuwa unalia usingizini kwa hilo bega, Baba Gladness. Nilijua ukirudi utaikimbilia hendeli kabla hujaniuliza hata nimeshindaje. Nikaona bora injini ichoke kuliko nikuzike. Sasa umemchafua mtoto wa watu mji mzima. Muombe radhi."

Hakuomba. Alimwamuru Nestory atoe gasketi moja na kufunga, naye Nestory akafunga. Mteja hata mmoja hakuondoka.

Luhaga akavua shati. Akainua kile kichuma kinachoiachia hewa itoke, akazungusha mpaka gurudumu zito la injini likaanza kushika kasi, akakishusha. Hewa ikabanwa, injini ikagoma, na mkono ukagoma nayo. Akajaribu tena huku amekaza meno. Safari hii gurudumu likataka kurudi nyuma, akaiachia hendeli na kuruka pembeni. Aliogopa, na kila mtu alimwona akiogopa.

"Pisha," Paskazia akasema.

Hakupisha, akasukumwa. Paskazia amebeba magunia ya muhogo tangu akiwa msichana. Alizungusha, akashusha kichuma, injini ikaitika kwa kishindo, kinu kikanguruma mpaka mabati yakatetema. Luhaga alisimama pale kifua wazi. Aliichukia ile sauti. Alimchukia Nestory kwa kufunga vizuri, na zaidi ya wote alimchukia mkewe.

Mashine sasa inasaga kama zamani. Umeme ukikatika, wateja wanamkuta amekaa mlangoni, wala hawangoji afungue mdomo.

"Mama Gladness yupo?" wanauliza.

Akisema hayupo, wanajitwisha madebe yao na kuondoka.