Kanzu ya Ijumaa na Hesabu ya Tangi

Nguo ya pamba ikiungua kwa pasi ina harufu yake peke yake, haifanani na moshi wa kuni wala chakula kilichoshika chini ya sufuria. Juzi jirani yangu kasahau pasi juu ya shati la mumewe, harufu ikaingia dirishani kwangu, na mie nikaacha mchele niliokuwa nauchagua nikarudi Temeke, enzi za Mwingereza, kwenye uwanja wetu wa nyuma, Alhamisi jioni, baba akingojea kanzu yake ya Ijumaa.

Dada yangu Hawa ndiye aliyekuwa akipiga pasi pale nyumbani. Alinipita miaka michache, na shuleni alikuwa kinara wa hesabu, wavulana wakiwemo. Alipovunja ungo akawekwa ndani, kama walivyowekwa wasichana wote wa mtaa wetu, na shule ikaishia hapo. Baba, mpakiaji mizigo bandarini, hakuwa mkali. Alisema tu kwamba mwali haonekani ovyo njiani, basi. Hawa hakulia mbele yetu. Alilala chali akihesabu makuti ya paa, na akimaliza anaanza upya, safari hii wawili wawili, kisha watatu watatu.

Mwaka uliofuata shule ikagawa masomo. Darasa moja likabaki na hesabu, Kiingereza na jiografia, kwa watakaofanya mtihani wa kuendelea mbele. La pili likaitwa maarifa ya nyumbani, la wasichana watupu, wakifundishwa na mwanamke mwenzao kushona, kupika, kufua na kulea. Mwalimu wake, Mwalimu Anastazia, mtu wa bara, Mkristo, alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazee wawaachie mabinti zao. Baba akamjibu kwamba atafikiri. Maana yake alimwachia dada yake, shangazi Mwajuma, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfunda Hawa, na kwa mambo ya mabinti neno lake lilikuwa la mwisho.

Shangazi akajitanda kanga akaenda kujionea, na mie nikamfuata. Tukakuta wasichana wamezunguka beseni, Mwalimu akiwaonesha kwa mwanasesere wa mpira namna ya kumwogesha mtoto. Nusu yao walikuwa wameacha nyumbani wadogo zao wa kweli, waliowaogesha asubuhi ile ile. Baadaye likaja somo la keki ya kuokwa katika oveni, kitu ambacho mtaa wetu mzima hakuna aliyekuwa nacho. Shangazi alikaa na adabu zake, akaaga vizuri. Njiani ndipo alipocheka mpaka akashika ukuta wa watu.

"Mwache mtoto aende," alimwambia baba. "Nimetazama wee, hawamfundishi kitu."

Hiyo ndiyo ruhusa aliyopata dada yangu. Alirudi shule kwa kuwa ilithibitika hakuna jipya atakalolipata huko. Akaenda, akashona, na alishona vizuri kweli.

Zamu yangu ya kugawiwa darasa ilipofika, cherehani za lile darasa zilikuwa zimeshajaa watu, basi nikatupwa kwenye hesabu. Baba, aliyekwishazoea kuona binti anakwenda na kurudi salama, hakuuliza ninasoma nini. Kila jioni nilikaa mkekani karibu na meza ya pasi, na Hawa alikuwa akisema, "Haya Zuhura, leo mmesoma nini? Soma kwa sauti." Nilidhani ananikagua, na nilichukia. Nikisoma haraka haraka huniambia nirudie.

Alhamisi ile ya kanzu nilikuwa na hesabu ya tangi. Bomba moja hulijaza kwa masaa matatu, jingine kwa masaa sita. Yakifunguliwa pamoja, litajaa kwa muda gani? Nilijumlisha nikapata tisa, na hata mie niliona kuwa haiwezekani. Hawa akasema, "Rudia." Nikarudia. Pasi ikasimama mgongoni mwa kanzu, naye akatazama ukuta, midomo ikicheza kidogo, hadi moshi ulipotupanda puani.

Mama akapiga kelele. Baba akaigeuza ile kanzu huku na huku. Shangazi, aliyekuwa kibarazani, akaja na tafsiri yake: "Msichana hasimami hivyo na pasi mkononi ila ana mtu moyoni. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Muozeni mapema." Hawa akainama akawa anamwaga mkaa wa pasi mchangani. Nilipompita na ndoo akaninong'oneza, "Masaa mawili."

Kesho yake mwalimu wangu alinipa tiki. Nyumbani baba akaanza kuwasikiliza wachumba, na kabla ya Ramadhani Hawa alikuwa mke wa mtu Mwananyamala.

Lile darasa silisemi vibaya. Bila hilo Hawa asingetoka ndani, na mie niliyepita njia aliyoizoesha nisingesoma kabisa. Mumewe alipougua, cherehani ndiyo iliyolisha watoto wake, nami niliyesoma mpaka nikawa mwalimu, hadi leo kifungo kikinitoka nampelekea yeye. Lakini miaka yote nimeandika hesabu ya tangi ubaoni, na kila ninapoiandika roho huniuma.

Baada ya ile harufu ya juzi nikapanda gari nikamfuata. Nikamkuta kainamia cherehani, miwani puani. Nikamuuliza kwa utani, sisi wazee sasa, siku ile alikuwa akimfikiria nani.

"Nilikuwa nafikiria tangi," alisema, akikata uzi kwa meno.

"Mbona hukuwaambia, dada?"

Akanitazama juu ya miwani, bila hasira. "Ningesema, nani angeniamini?"