Kamera Ilimjua Mama Kabla Yangu

Pikapu ya marehemu baba ni yangu kwenye karatasi. Barabarani ni ya mama, mwenye miaka sabini na miwili. Kwa hiyo ujumbe wa serikali kwamba gari hilo lilikwenda kasi ulinijia mimi, nami nikacheka. Pikapu ile hupumua kwa shida hata ikiteremka.

Nilifungua tovuti yao ili nipinge. Nina digrii mbili na muda mwingi. Kosa lilikuwa moja tu, lakini chini yake mashine ilikuwa imehifadhi picha ya kila mara gari lilipopita mbele ya kamera ya Kapkatet. Jumanne, Jumanne, Jumanne. Asubuhi likiingia kona ya hospitali, adhuhuri likitoka. Mama alikuwa ameniambia kwamba Jumanne huwa kanisani na akina mama wenzake.

Nikaenda nyumbani Roret siku hiyo hiyo, na huko nikafanya kosa ambalo mtu wa kwetu hafanyi: nilimwonyesha simu mlangoni, kabla sijapewa chai.

"Mama, hospitali unaenda kufanya nini?"

Akavaa miwani, akatazama picha bila haraka. "Nambari inaonekana vizuri. Niliiosha Jumatatu." Kisha akauliza, "Nani mwingine ameona hii?"

Nimeandika makala kuhusu haki za raia, yakasomwa na watu sita, wawili wao ndugu zangu. Swali hilo halikuwa limenijia.

"Sijui, Mama."

"Basi kaa. Kunywa chai."

Kwetu, maneno mazito husemwa shambani. Kila mtu na mstari wake wa michai, macho kwenye majani, mikono kazini, na hakuna anayelazimika kuuona uso wa mwenzake. Baada ya chai alinipa kikapu. Tulichuma nusu ya mstari.

"Ni titi la kushoto," akaliambia jani. "Kuna kivimbe. Wamekata kipande wakapime. Nilikuwa nangoja majibu, ndiyo nikuite tuchume."

"Ningekupeleka mimi."

"Najua. Ungewauliza madaktari maswali ya chuo kikuu."

"Na ile kasi?"

"Siku hiyo waliponikata niliogopa. Nilitaka kufika nyumbani."

Nikaendelea kuchuma, ingawa sikuona vizuri nilichokishika.

"Hilo ni jani gumu," akasema bila kugeuka. "Majani mawili na chipukizi. Usiniaibishe kwa karani wa kituo cha kununulia majani."

Wiki hiyo kaunti iliomba maoni kuhusu sheria ya kamera hizo. Niliandika kurasa nane. Mama alizisoma zote, jambo ambalo hakuna mhariri aliyewahi kunifanyia.

"Picha ya mtu ambaye hajakosa, itafutwa lini?"

"Nimeandika, baada ya muda unaofaa."

"Unaomfaa nani? Andika siku hiyo hiyo. Na mtu akiangaliwa, aambiwe ni nani amemwangalia." Akanirudishia karatasi. "Habari yangu ilikuwa yangu kukupa. Hiyo pia andika."

Niliandika, nikafuta kurasa sita.

Jumanne ya majibu niliendesha mimi. Tulipokaribia kamera ya Kapkatet alinyoosha kitambaa chake cha kichwa, akaweka mkono juu ya wangu, kwenye gia.

"Leo wataona wawili," akasema.