Mzee wangu aliacha kwenda msikitini, kumbe maji yalikuwa yamejaa kichwani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Hili sikuhadithiwa, limetokea kwetu, na mpaka leo naliona kama ndoto ya mchana.

Mzee wangu ni wa Masaki, Kisarawe. Mihogo, mikorosho, na safu ya kwanza msikitini miaka yote. Mimi nina genge huku Sofu, Kibaha.

Alianza na miguu. Anataka kupiga hatua, unyayo umeganda chini.

Kisha akawa ananiita jina la marehemu mama. Unamsemesha, anakutazama kwa mbali, kama mtu anayesikiliza mvua.

Halafu akaacha msikiti.

Majirani wakasema uzee. Shangazi akasema amechezewa. Na mimi, mdomo wangu huu, nikamwambia, "Baba, hata Mungu umemchoka?"

Akageukia ukutani.

Nikamleta kwangu. Asubuhi ya kwanza nafua shuka, ndipo nikaelewa. Mkojo ulikuwa unamtoka bila kujua. Angeingiaje msikitini na kanzu mbichi? Wakuu, nililia palepale kwenye beseni.

Hospitali, CT scan ikaonyesha maji yamejaa kichwani. Nilidhani ni ugonjwa wa vichanga tu, kumbe hata wazee. Dawa yake ni shunt, mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi kushusha maji tumboni. Lakini kwanza wapime kama itamsaidia.

Kipimo chenyewe: atembee korido mpaka dirishani, nesi anahesabu sekunde. Watoe maji kidogo mgongoni, apumzike, atembee tena.

Mara ya kwanza nilidhani hatafika.

Mara ya pili, jioni, korido imejaa jua, Baba akanyanyuka. Akaenda taratibu, lakini nyayo zinaachana na sakafu! Akafika dirishani, akalipita, anaendelea na korido.

"Mzee, mwisho hapo!" nesi akapiga kelele.

Akageuka, akaniita jina langu mimi. "Zuhura, kibla kiko wapi hapa?"

Siku chache baadaye miguu ikaganda tena, daktari alishatuonya kuwa maji yatajaa tena. Ila jibu tulikuwa nalo. Akawekewa shunt.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Masaki, namsindikiza msikitini kwa njia ya mikoroshoni. Yeye mbele, mimi nahema nyuma kwenye mchanga.

Akasimama kunisubiri, anacheka.

"Vipi, hata Mungu umemchoka?"

Kumbe alisikia. Siku zote zile alizokuwa mbali, alinisikia.

Wakuu, msiseme uzee kabla ya kupima. Na chungeni midomo yenu.

Mwenye mzee anayeburuta miguu aseme hapa, nipo gengeni nasoma. Habari za waganga hapana, shangazi alishanitosha.