Kitasa cha Mzee Shee

Kichwa kilinivimba, sikatai. Siku hizi za vita vitasa vipya havipatikani, na anayefufua vya zamani hapa Kisauni ni mimi, Mgiriama niliyeshuka majuzi kutoka Kaloleni. Mlango wa duka la Mzee Shee nilikuwa nimeutia kitasa wiki hii hii.

Jana asubuhi akanipitia. "Fundi, magharibi njoo tufungue sote."

Nikanywea. Kitasa changu kimekwama, tena kinataka watu wawili kukifungua!

Magharibi nikafika na mkoba wa vyuma. Mlango ulikuwa wazi, na ndani wazee wamekaa mkekani, kimya, wakitazama vyakula. Sikuamkua mtu. Nilipiga magoti mlangoni, nikakifumua kitasa hadi springi ikaruka, nisijue imeangukia wapi.

"Msiwe na hofu, wazee," nikatangaza kibingwa, "kitafunguka tu!"

Mara adhana ikalia, na mikono yote ikaenda kwenye tende. Mzee Shee akanisogezea bakuli.

"Bismillahi, fundi. Nilikwita tufungue saumu," akasema kwa upole. "Ila kwanza toa chuma chako kwenye uji."