Nondo ya Shaba Niliyoikata

Nakumbuka kiangazi kimoja kule Mtinko, mwanangu, baba alitupeleka mimi na kaka yangu kuchimba kisima. Tulichimba mpaka kichwa cha kaka hakionekani, na chini bado vumbi tupu. Baba akasema tuhamie pengine. Kaka akanuna siku mbili. Alikuwa mtu wa kununa huyo, hata kwenye harusi yake alinuna, lakini hayo tuyaache. Ninachosema ni kwamba ugumu wa ardhi ya kwetu naujua toka utoto, kwa hiyo sina cha kusingizia.

Nilipokua nikapata kazi kwenye karakana mjini Singida, tunachonga shafti za mashine za kukamulia alizeti. Mwenye karakana, Mama Tatu, akaleta mashine ya kukereza vyuma inayoongozwa na kompyuta. Fundi umeme alikuwa Mghenyi, rafiki yangu. Akanipa nondo ya shaba, ndefu kunizidi.

"Ipigilie izame yote," akasema. "Umeme ukitoroka kwenye mashine, ushukie hapa uende ardhini, usimpitie mtu. Ukigonga mwamba usilazimishe. Niite, tutafute pengine."

Nikapiga nyundo. Haikuzama hata nusu, ikagonga mwamba. Wenzangu wakaanza: "Baba Neema, ugali wote ule wa uwele unaupeleka wapi?" Nikaona haya. Walipokwenda kula nikachukua msumeno, nikakata iliyobaki juu, nikasakafia na saruji. Ikapendeza kabisa.

Alizeti zilipoanza kuvunwa, mashine ikaanza vituko. Ukiigusa inakutekenya. Namba kwenye kioo zinaruka zenyewe. Siku moja kisu kikaingia kwenye chuma bila kuamriwa, kikavunjika, kipande kikamchana sikio Amosi, mwendesha mashine. Kidogo tu kingeingia jichoni.

Mghenyi akaja na kipimo chake. "Ardhi haipokei umeme," akasema. "Baba Neema, ile nondo ilizama yote?"

Mama Tatu amesimama palepale, mikono kiunoni.

"Ilizama yote," nikajibu.

"Basi kosa ni la waya zako, Mghenyi," mama akasema. "Ungeniulia mtoto wa watu!"

Hapa ndipo unisikilize, mwanangu, maana mpaka leo nikikumbuka hata kukaa siwezi. Njia ya umeme kwenda ardhini usiifupishe, hata kama hakuna atakayefukua. Ukishindwa, sema umeshindwa, watacheka, watachoka. Na ukishakosea, sema kabla mwenzio hajabebeshwa. Mungu akujalie mdomo mwepesi wa kukiri, na mikono yako aitunze.

Nondo nilikuja kuifukua, nikapigilia nyingine nzima nyuma ya karakana kwenye udongo, mashine ikatulia. Lakini siku ile mdomo wangu ulikuwa mzito. Mghenyi aliniangalia, akangoja. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshabeba mkoba wake, anavuka barabara kuelekea stendi. Hakurudi tena.