Nani Anapiga Simu Nyumbani

Baba mkwe wangu alikuwa hajawahi kunisemesha. Hakukuwa na ugomvi. Kwao mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, hawapeani mikono wala hawatazamani usoni. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mama mkwe, hata kama nimekaa nyuma ya ukuta nasikia kila neno, kisha mimi namsubiri mama mkwe aje anipe habari ambayo nimekwisha kuisikia. Nilipoolewa nilicheka sana. Mume wangu aliniambia nishukuru, maana wako wanawake wanaopokea maneno ya wakwe moja kwa moja.

Jumapili moja nilitoka mjini kwenda kwao Kwihara kusaidia kupukuchua mahindi. Mume wangu alikuwa na miaka miwili kaburini, nyuma ya nyumba ile ile. Alikuwa dereva wa lori. Mdogo wake, mtoto wa kiume pekee aliyebaki, alikuwa anaendesha bodaboda, anabeba watu na madumu ya asali kutoka Sikonge, na wiki hiyo alikuwa ametangaza kwamba anataka malori. Kampuni tatu pale mjini zilikuwa zinachukua vijana. Zinawalipia mafunzo mpaka wapate leseni ya magari makubwa, kisha kijana anaitumikia kampuni kwa muda waliokubaliana. Nikamsikia mzee uani anamwambia mkewe polepole: "Mwambie mkwe azipitie zote. Yeye ameishi na dereva. Achague ile itakayonirudishia mtoto."

Mama mkwe akaja jikoni akaniambia hivyo hivyo, isipokuwa maneno ya mwisho aliyaacha huko huko nje.

Huku kwetu kijana akitaka kuondoka hakosi wa kumsukuma. Utasikia babu zake walikuwa wapagazi, walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka pwani, safari iko kwenye damu. Majirani walisema hivyo wiki nzima, na kidole wakakinyoosha kwenye njia inayopita kando ya mashamba, kana kwamba wapagazi walikuwa wamepita jana. Mimi nilikuwa nawasikiliza na kuendelea kupukuchua. Sikuwahi kumsikia hata mmoja akizungumzia waliobaki njiani.

Nilikubali kazi ile, na watu wakasema nina moyo. Hapakuwa na moyo wowote. Tangu msiba nilikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, unaugusa na hausikii kitu. Nilikuwa nakula, nalala, nakaa kwenye cherehani yangu barazani kwa mwenye duka la vitambaa, nachekea mizaha ya mafundi wenzangu palipotakiwa kicheko. Kulia sikulia. Siku ya mazishi wanawake wa Kwihara walinitazama sana machoni, najua walisema baadaye.

Habari za kifo cha mume wangu nilizipata kwenye picha. Mtu wa kikundi chetu cha kusaidiana aliirusha kwenye simu, lori limelala ubavu kwenye mteremko upande wa Kigoma, na chini yake maneno ya kuomba madereva wapunguze mwendo. Nilitaka kuipita. Kisha nikaona pazia la kitanda cha dereva limening'inia dirishani. Lilikuwa kanga yangu, nililikata na kulipinda mwenyewe. Kampuni ilipiga simu kesho yake. Mwanaume nisiyemjua aliuliza kama marehemu aliacha nyumbani ufunguo wa akiba wa gari. Nikamwambia ngoja nitazame, nikaukuta kwenye kopo la vifungo. Alipokuja kuuchukua nilimkaribisha chai.

Kwa hiyo nilipoanza kuzipitia kampuni, nilikuwa na swali moja tu la kwangu. Mengine yote, ya muda wa mafunzo na ya mkataba, niliuliza kwa niaba ya wengine.

Kampuni ya kwanza ilikuwa na ofisi ya vioo na kiyoyozi kilichotutetemesha. Nilikwenda na shemeji, kavaa shati lake la kanisani. Kijana wa ofisini alimpa fulana yenye nembo kabla hata hatujakaa. Alisema mafunzo ni ya wiki chache, baada ya hapo ni barabarani, hakuna kupoteza muda.

"Umeona, shem?" shemeji akaninong'oneza. "Hawa hawana longolongo."

Niliomba tuone yadi. Malori yalikuwa mapya, yanang'aa. Madereva walikuwa wamekaa kivulini wanacheza bao, na nikawatazama mmoja mmoja. Hapakuwa na mwenye mvi. Nikamuuliza kijana wa ofisini madereva wazee wako wapi.

"Hawa wote ni damu changa, dada. Wana kasi."

"Sawa. Dereva akifia njiani, nani anapiga simu nyumbani?"

Alitoa macho. "Aa, dada, tusijitabirie mabaya. Hapa tunaongea mambo ya maendeleo."

Tukatoka. Shemeji aliirudisha ile fulana kwa shingo upande.

Ya pili ilikuwa kampuni kubwa, na sina haki ya kuisema vibaya. Mwanafunzi anakaa miezi pembeni ya dereva mzoefu, analala pazuri, anapimwa macho. Kasoro niliyoiona ni kwamba leseni ya kijana inafungiwa kwenye kabati lao mpaka mkataba uishe, ili asihame. Dada wa pale alizungumza vizuri kama mtangazaji. Nilipofika kwenye swali langu akasema kuna bima.

"Sikuuliza bima, mdogo wangu. Nimeuliza nani anapiga simu."

"Ofisi ya utumishi."

"Nani, pale ofisini?"

"Inategemea nani yuko zamu."

Nikamshukuru. Nilishuka ngazi nikijiuliza kama yule wa ufunguo naye alikuwa zamu. Nilijaribu kukasirika na sikuweza. Hasira ningeipokea kwa mikono miwili.

Ya tatu ndiyo kampuni aliyofia mume wangu. Shemeji aliposikia nataka kwenda huko alisema mimi nimechanganyikiwa. Mama mkwe alisema huko hakuna cha kutazama. Lakini mzee alisema zote, na mimi nikipewa kazi ya kupima napima. Siwezi kumwambia mteja kitambaa kile hakifai eti kwa sababu nilijichoma sindano nikikishona. Nilikwenda peke yangu.

Yadi ilikuwa haijabadilika. Ule mkorosho wa getini, ile harufu ya dizeli iliyokuwa inakuja nyumbani na nguo za mume wangu. Nilingoja kifua kibane, hakikubana. Mlinzi alinielekeza kwa mwalimu wa madereva, mtu wa makamo, nywele zote nyeupe, anafuta mikono kwa tambara. Nilimkumbuka. Kwenye mazishi alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, akaondoka bila kula.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama." Alinitambua, nikaona. Akatafuta kiti, akakifuta, nikakaa.

Nilimuuliza kama nilivyowauliza wenzake. Akasema kwake mwanafunzi anakaa mvua moja na kiangazi kimoja, bila kupungua hata siku. Barabara za huku ni mbili tofauti, alisema, ya tope na ya vumbi, na anayeijua moja haijui nyingine. Kwenye mteremko na mzigo hamwachii mtu usukani mpaka mvua zimemkuta na kumwacha. Baada ya leseni ni miaka miwili ya kuitumikia kampuni, na leseni anakaa nayo mwenyewe mfukoni. Alikuwa anajibu huku anatazama tambara lake.

"Dereva akifia njiani, nani anapiga simu nyumbani?"

Nyuma yetu fundi alikuwa anagonga rimu, akaacha, akaanza tena.

"Zamani alipiga yeyote," akasema. "Yule aliyekupigia habari za ufunguo ni fundi wa magari. Alitumwa. Alidhani umekwisha kuambiwa, na sisi tulidhani kuna aliyekuambia. Mimi siku ile nilikuwa hapa hapa. Niliishika simu, nikaiweka chini. Nilijisemea, sauti yangu haijui, ataanza kuniuliza mimi ni nani wakati namwambia jambo kama lile."

Alilikunja tambara lake, akaendelea.

"Sasa napiga mimi. Na siku ya kwanza kijana anapoingia hapa, napiga kwao. Nawaambia mimi ndiye mwalimu wake, yuko salama. Ili waijue sauti yangu. Siku nyingine nikilazimika kupiga, wasianze kuuliza mimi ni nani."

Nilimshukuru, nikachukua bodaboda nikarudi kwenye cherehani. Nilishona sare za shule mpaka jioni. Nilikumbuka kila neno lake na hakuna hata moja lililoniuma, na jambo hilo lilinitisha kuliko yadi yenyewe. Nikawaza huenda nitabaki hivi hivi mpaka uzeeni, mwanamke anayekaribisha watu chai.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alikuwa anasonga ugali. Nilikaa kwenye kigoda, nikamweleza kampuni ya kwanza, nikamweleza ya pili. Kisha nikasema ya tatu ndiyo bora.

Mwiko ulisimama. "Ile ile?"

"Ile ile, mama."

"Iliyomla mwenzake?"

Nikamweleza habari za mvua na kiangazi, za leseni mfukoni, za simu ya siku ya kwanza. Sijui kama alisikia. Ugali ulianza kutoa harufu ya kuungua. Kwa utaratibu wetu alitakiwa atoke nje akampe mzee jibu, lakini hakuinuka.

"Mimi maneno hayo siyabebi," akasema. "Kayapeleke mwenyewe."

Hilo haliwezekani, na alijua. Tukakaa hivyo, yeye na sufuria yake, mimi na kigoda changu, na mzee upande wa pili wa ukuta, ambaye bila shaka alikuwa amesikia yote. Baadaye akakohoa. "Mwambie mkwe nimesikia," akasema. Mama mkwe hakuniletea maneno hayo. Tangu siku hiyo salamu yangu alikuwa anaiitikia kwa kichwa tu, na mahindi akawa anapukuchua na majirani.

Sikumlaumu. Kijana akipata ajali, mimi ndiye nitakuwa nimempeleka. Sikuwa na mtoto wa kunifunga na ukoo ule, walikuwa wananiita mkwe kwa hiari yao tu, na nilijua kabisa kwamba siku hiyo ingekuwa mwisho wangu Kwihara. Nililijua kama mtu anavyojua bei ya sukari.

Kwa neno la mzee, shemeji aliingia kwenye mafunzo kwa yule mwalimu mwanzoni mwa mvua. Alituma ujumbe kwamba ametoa namba yangu, kwa kuwa ya wazee haipatikani, na kwamba mwalimu atapiga Jumapili mchana. Nilikuwa na hiari ya kuipokea mjini. Sijui kwa nini nilipanda bodaboda kwenda Kwihara.

Kule mtandao unakamatika sehemu moja, juu ya kichuguu kilicho kati ya nyumba na shamba la karanga. Nilipanda nikasimama na simu mkononi. Mama mkwe alinitazama kutoka mlangoni, akarudi ndani. Kisha mzee akatoka. Alikuja mpaka chini ya kichuguu, akasimama akinipa mgongo, kama anaangalia mawingu.

Simu ikaita.

"Mama, ni mimi mwalimu wa yadi. Kijana wetu ameingia leo, ni mzima, yuko hapa anakunywa uji. Nimepiga mjue sauti."

Nilifungua spika. Kumpa mzee simu mkononi nisingeweza, kwa hiyo niliinama nikaiweka juu ya udongo, nikashuka upande wa pili na kusogea pembeni. Akapanda polepole, akaiokota, akaishikilia mbali na uso kama wazee wanavyofanya.

"Hebu sema tena," akasema.

Mwalimu akasema tena, yote, neno kwa neno. Mzee akasikiliza amefumba macho. Akamuomba aseme mara nyingine. Mwalimu akasema, bila kuchoka, kisha wakaagana. Mzee akairudisha simu pale pale kwenye udongo, akashuka.

Alisimama. Nilitazama miguu yake, yenye viatu vya matairi, kwa kuwa uso wake siruhusiwi.

"Umeishika ile sauti?" akauliza. Hapakuwa na mtu mwingine pale. Alikuwa ananiuliza mimi.

"Nimeishika, baba."

"Na mimi nimeishika. Basi tumuombe Mungu tusiisikie tena."

Nikaitika amina, na hapo nikalia. Nililia kwa sauti, mikono kichwani, kilio ambacho wanawake wa Kwihara walikingojea kaburini, na nikalia mbele ya baba mkwe, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Yeye akageuza uso kwenye shamba la karanga kama adabu inavyotaka, ila hakuondoka.